Sampuli au Mmego? Mintarafu ya Istilahi za Kurekodi Muziki kwa Tarakilishi

Mwaka 2018 mwanamuziki wa Marekani, Kanye West, alitoa wimbo "Yikes". Ndani yake mnasikika sauti zilizotwaliwa kutoka "Kothbiro", wimbo wa Kidholuo uliorekodiwa na bendi ya Kenya, Black Savage, katika miaka ya 1970. Miongoni mwa watunzi wanaotajwa ni Ayub Ogada, mcheza nyatiti mashuhuri aliyefariki Kisumu mwaka 2019. Je, kitendo hicho cha kutwaa sauti kinaitwaje kwa Kiswahili?

Jibu la haraka ni kwamba "ilichukuliwa sampuli". Hapo ndipo penye tatizo. Sampuli, kwa mazoea ya msemaji wa Kiswahili, ni kidogo kinachotolewa ili kingi kijulikane: sampuli ya damu, sampuli ya udongo, kipande cha kitambaa anachoonyesha mchuuzi. Aghalabu haitozwi, na aitoaye hatarajii kuiona tena. Mpiga orutu wa Seme akiambiwa studioni kwamba panahitajika sampuli tu ya wimbo wake, atadhani ni ya kuonjwa. Kumbe kinachotakiwa ni kipande kitakachopandikizwa katika wimbo wa mtu mwingine, kirudiwe tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kiuzwe. Neno limemficha jambo lile lile analopaswa kulikubali au kulikataa.

Utata huu umetoka katika Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni kipande hicho. La pili ni kazi ya mashine: sauti inapoingia katika tarakilishi hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa kiwango cha sidii, na kila kipimo huhifadhiwa kama nambari. Hicho ni kipimo, basi. Kiswahili hakina sababu ya kurithi utata wa lugha nyingine.

Kwa kile kipande, neno "mmego" lafaa zaidi. Kila aliyekula ugali kwa samaki anajua kumega, na anajua kwamba sinia lina mwenyewe.

Vivyo hivyo kuhusu sauti moja inayorekodiwa peke yake ili iunganishwe na nyingine. Iitwe "mkondo". Mcheza nyatiti alilijua jambo hili kabla ya mashine: vidole juu ya nyuzi nane, pete ya kidole cha mguu ikigonga mti wa ala, njuga mguuni, na uimbaji wenyewe. Mikondo minne, mtu mmoja. Akiwekewa maikrofoni moja, yote huingia pamoja na kuitenganisha ni taabu. Akiwekewa nne, fundi anaweza kupunguza njuga na kuuacha uimbaji ulivyo, ingawa kila maikrofoni itadokoa kidogo cha jirani yake.

Mkondo wa sauti nao utofautishwe na mkondo wa maagizo. Midi, mfumo uliozinduliwa mwaka 1983, haubebi sauti yoyote; hubeba maagizo tu: noti ipi ilie, lini, na kwa nguvu gani kati ya 0 na 127. Maagizo yale yale leo yatalia kinanda, kesho zeze. Kipande kinachojirudia nacho kiitwe "kitanzi". Wapo watakaolichelea neno hili kwa sababu ya mti wa kunyongea, lakini wachungaji na wavuvi hufunga vitanzi kila siku wala hawamnyongi mtu.

Itasemwa kwamba vijana wa studio za Kondele husema "biti" na "kumiksi", na kazi inakwenda. Ni kweli, na maneno hayo yaachwe yalivyo, kwani hayampotoshi mtu. Wataalamu walitumia miaka mingi wakibishana kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, ilhali hakuna aliyepata hasara kwa lolote kati ya hayo matatu. Bidii hiyo ingefaa zaidi hapa, ambapo neno baya humgharimu mtu haki yake.

Chuo Kikuu cha Maseno hufundisha Kiswahili na hufundisha muziki. Idara hizo mbili ziandae orodha fupi, wapelekewe wapiga nyatiti na mafundi wa studio waipinge au waikubali kabla haijachapishwa. Na mwanafunzi anayekwenda kijijini kumrekodi mzee, fomu yake ya ruhusa iseme wazi: mmego, wa sekunde ngapi, utie katika kazi ya nani, kwa malipo gani.