Turubai la mota? Anza na hendeli

Siku hizi, iwe hapa Kaole au kule Kiwangwa, swali ni moja: "Bwana shamba, nifunge turubai la mota kwenye Canter yangu?" Jibu langu: bado. Anza na la hendeli.

Najua kwa nini mnalitaka. Masika hayapigi hodi. Mvua inakukuta barabara ya Msata–Bagamoyo, mananasi yako wazi, utingo anapanda juu ya mzigo na kamba mkononi. Mwaka jana nilimwona mmoja akiteleza, akavunjika mkono. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya turubai ni mtu afunike gari akiwa amesimama chini.

Hilo halihitaji umeme. Fundi achomelee matao ya bomba juu ya bodi. Ukingo mmoja wa turubai ufungwe ubavuni mwa bodi, ukingo wa pili ushikizwe kwenye bomba refu la kuviringishia. Hendeli iwe ndefu, yenye kiungo kinachopinda, ili ifuate bomba linapovuka juu ya matao. Unazungusha, mzigo unafunikwa. Basi.

Halafu hewa, jamani! Tunda lililovunwa bado linapumua na linatoa joto. Turubai la plastiki likililalia, linachemka. Acha nafasi ya kama sentimita 30 juu ya mzigo, na upenyo mbele na nyuma. Chagua rangi nyeupe, haivuti jua sana. Mota ya bei yoyote haiokoi nanasi lililoiva kwa joto la njiani.

Sasa hiyo mota. Kwa tipa la mchanga linalopiga safari nyingi kwa siku, sawa, inalipa. Wewe mwenye safari moja kwenda Mabibo utaokoa dakika chache tu, na huku pwani upepo wa chumvi unakula nyaya na viungio vyake. Hela hiyo nunua kreti.

Ukiamua kuifunga, hakikisha inalingana na volti ya gari lako, 12 au 24. Fyuzi ikae karibu na betri, na iwepo swichi ya kuikata mota turubai likifika mwisho. Na hendeli usiing'oe. Mota ikigoma katikati ya mvua, utamwambia utingo apande tena?

Mwenye hesabu tofauti aje nazo, tukae chini ya mwembe tubishane.