Mtungi Hauulizi Nani Yuko Zamu

Kila linapotolewa pendekezo la kuwafundisha wafanyakazi wa hospitali za Kalemie, mji wa bandari jimboni Tanganyika, kutumia oksijeni kwa usalama, majibu huwa yaleyale. Hayatoki kwa watu wabaya. Yanatoka kwa wauguzi waliochoka, kwa wasimamizi ambao bajeti yao haitoshi hata glavu, na mara nyingine kwa wafadhili wanaotaka kupiga picha na mashine mpya. Lakini majibu hayo hayasimami. Na kwa kuwa anayelipia makosa yake ni mgonjwa anayehangaika kuvuta pumzi, acha niyajibu.

La kwanza: "Sisi hatuna mabomba ukutani. Mifumo ya gesi ni mambo ya Kinshasa na Ulaya."

Mfumo hauanzi na bomba la shaba. Mtungi, valvu yake, kifaa cha kupunguza shinikizo, kipimo cha mtiririko, mrija, na pua ya mtoto: huo tayari ni mfumo kamili. Tofauti ni kwamba katika hospitali kubwa mitungi hukaa nje, kwenye chumba chake, na mgonjwa huona tundu tu ukutani. Kwetu mtungi unalala chumba kimoja na mgonjwa. Ule mkubwa wa lita 50 una uzito unaozidi kilo 60, na ukijaa ndani yake mna shinikizo la bar 150 hadi 200, wakati tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Ukianguka na valvu ikakatika, gesi hutoka kwa nguvu ya kuurusha mtungi wenyewe hadi ukavunja ukuta wa matofali. Ndiyo sababu unapaswa kufungwa mnyororo ukutani, kubebwa kwa kitoroli chake, na kuvishwa kofia ya valvu kila unapohamishwa. Sasa jiulize ni nani anayeutoa stoo na kuufikisha wodini. Mara nyingi ni mlinzi au mfagiaji, ambaye hajaelezwa na yeyote anachokisukuma. Kukosa mabomba kunatudai mafunzo zaidi, na kwa watu wengi zaidi.

La pili ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu nusu yake ni kweli: "Oksijeni haiwaki."

Ni kweli, yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kukifanya kila kinachowaka kiwake upesi na kwa ukali. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Mrija ukiachwa wazi juu ya kitanda mgonjwa alipoenda chooni, kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, kiwango hicho hupanda taratibu, na hakuna atakayejua kwa sababu gesi hii haina harufu wala rangi. Shuka, nywele na nguo huinywa na kubaki nayo kwa muda hata baada ya mtungi kufungwa. Cheche ambayo kwa kawaida ingetoboa blanketi tundu dogo, hapo inateketeza kitanda kizima.

Tazama sasa maisha halisi ya hospitali zetu. Ndugu wanaouguza hupika wenyewe, na mvua ya ziwani ikianza, mbabula, jiko la makaa, huhamishwa kutoka uani hadi barazani, hatua chache kutoka mlango wa wodi. Kijana aliyetoka kula ugali na ndakala, mawese bado yakimetameta vidoleni, anaitwa asaidie kufungua valvu iliyokaza. Au fundi mwenye nia njema anaipaka grisi ili ilainike, kama ambavyo angefanya kwa baiskeli. Oksijeni yenye shinikizo kubwa ikikutana na mafuta au grisi inaweza kulipuka moto bila kiberiti chochote. Na valvu ikifunguliwa kwa ghafla, gesi hujibana ndani ya kifaa cha kupunguza shinikizo na kupata joto kali mno kwa kufumba na kufumbua. Vumbi au tone la mafuta likiwa pale, moto umeshaanza mikononi mwa aliyefungua.

Mambo haya yanafundishika kwa muda mfupi: mikono mikavu, isiyo na losheni wala mafuta, simama pembeni, usiikabili saa ya shinikizo uso kwa uso, fungua polepole, valvu iliyokaza haipakwi kitu na haigongwi nyundo, mtungi unawekwa kando na kurudishwa ulikotoka. Asiyeambiwa hatayagundua kwa akili yake, maana akili ya kawaida inasema kinachokaza kipakwe mafuta.

Tarehe 24 Aprili 2021, mitungi ya oksijeni ililipuka katika hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, Iraki, ambako wagonjwa wa korona walikuwa wamelazwa. Waliokufa hawakupungua 82, wengine wao wakiwa ndugu waliokuja kuuguza. Wodi iliyojaa mitungi, jamaa na vitu vya kupikia si picha ya Iraki peke yake.

"Hiyo ni kazi ya fundi, muuguzi ana wagonjwa wake."

Fundi, pale alipo, saa saba usiku amelala kwake. Umeme wa Kalemie unatoka mbali, kituo cha umeme wa maji cha Bendera kaskazini mwa mji, na kila mkaazi anajua jinsi unavyoondoka bila kuaga. Tuseme umekatika saa mbili usiku. Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani imezima, na mgonjwa mmoja mtu mzima amehamishiwa kwenye mtungi wa akiba kwa lita 10 kwa dakika. Saa ya mtungi inaonyesha bar 60. Muuguzi aliyefundishwa anazidisha: lita 50 mara 60 ni lita 3,000, gawa kwa 10, ni dakika 300. Saa saba usiku mtungi utakuwa mtupu. Kwa hiyo saa mbili na dakika tano anatuma mtu akaamshe mwenye ufunguo wa stoo, na kabla ya saa sita mtungi wa pili uko tayari. Asiyefundishwa anaona mshale haujafika kwenye nyekundu, anashukuru Mungu, na kuendelea na wagonjwa wengine.

Hesabu hiyo ya darasa la sita ndiyo inayoamua kama mgonjwa ataiona asubuhi, na hakuna fundi anayeweza kuifanya akiwa nyumbani. Hata penye mabomba na jengo jipya, kutojua kiasi kilichobaki kunaua: mjini Salt, Jordan, tarehe 13 Machi 2021, oksijeni iliisha hospitalini na wagonjwa wasiopungua 6 wakafa. Waziri wa Afya alijiuzulu siku ileile.

Wengine husema rangi ya mtungi inatosha kuutambua. Haitoshi. Kwa kanuni za kimataifa oksijeni ya hospitali hubeba rangi nyeupe, lakini Marekani hutumia kijani, na mitungi ya zamani ya Kiingereza ilikuwa myeusi yenye mabega meupe. Mji wa bandari, unaopokea vitu kutoka Kigoma, Bujumbura, Uvira na kwa reli ya upande wa Kabalo, na misaada ya kila taifa, hauwezi kuamini rangi. Tena rangi hupakwa upya na yeyote mwenye brashi. Inasomwa lebo, na mtungi usio na lebo haufiki kwa mgonjwa.

Linalofuata ni gumu kulipinga mbele ya mama mwenye mtoto anayehema: "Oksijeni nyingi haijamdhuru mtu."

Imewadhuru wengi, na historia yao inajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa ile ya 1950, hospitali zilizokuwa bora kuliko zote duniani ziliwapa watoto njiti oksijeni bila kipimo, zikiamini zinawasaidia. Mwaka 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba watoto waliopewa nyingi ndio waliokuwa wakipofuka, na utafiti mkubwa wa Marekani wa 1953 na 1954 ukathibitisha. Hadi hapo watoto wapatao 10,000 walikuwa wamepoteza macho. Tatizo halikuwa umaskini. Vifaa vilikuwepo tele, ujuzi wa kuvipima ndio uliokosekana.

Leo Shirika la Afya Duniani, WHO, linaelekeza mtoto njiti asivushwe asilimia 95 ya oksijeni ya damu kwenye kipimo cha kidoleni, na mtoto mkubwa aanzishiwe oksijeni akiwa chini ya 90. Oksijeni ni dawa, na dawa ina dozi. Muuguzi asiyeweza kutumia kipimo cha kidoleni, au asiyejua kwamba kidole baridi au chenye rangi ya kucha hutoa namba ya uongo, anagawa dawa kwa kubahatisha. Kuna pia desturi ya kuunganisha mirija ya watoto wawili au watatu kwenye mashine moja kwa kiungo cha kujitengenezea. Gesi hufuata njia nyepesi: mwenye mrija mfupi anapata nyingi, mwenye mrija mrefu hapati karibu chochote, na mashine inaonyesha namba moja kwa wote. Kipo kigawanyaji chenye kipimo cha kila mtoto. Anayekijua atakidai.

Sitakaa sana kwenye dai kwamba chupa ya kulowesha oksijeni ijazwe maji yoyote yaliyopo. Kalemie ni mji ambao kipindupindu hurudi karibu kila mwaka. Maji ya ziwa au ya bomba yaliyokaa siku tatu kwenye chupa ya uvuguvugu ni shamba la vijidudu vinavyopulizwa moja kwa moja kuelekea mapafuni. Ikiwa ni lazima kulowesha, yatumike maji yaliyochemshwa au kutoneshwa, na chupa ioshwe kila siku. Kwa mtoto anayepewa lita moja au mbili kwa dakika kupitia puani, kwa kawaida hata si lazima.

"Tununue mashine kwanza, mafunzo yatakuja baadaye." Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, na hapa nawalaumu wafadhili kuliko hospitali.

Mashine ya kuchuja oksijeni huvuta hewa ya chumbani, huikamata naitrojeni kwa chembechembe ziitwazo zeolaiti, na kutoa oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Zeolaiti huchukia unyevu. Kichujio cha nje huzibwa na vumbi kisipooshwa walau mara moja kwa wiki. Mashine ikibanwa ukutani hukosa hewa na kupata joto, umeme unaopanda na kushuka huiunguza, na ikiwekwa stoo kwa miezi bila kuwashwa huharibika ikiwa bado kwenye plastiki yake. Baya zaidi, mashine iliyochoka huendelea kuunguruma na kupuliza, huku kinachotoka kikikaribia kuwa hewa ya kawaida. Mtoto amewekewa mrija, mama amepata moyo, dawa haipo. Asiyefundishwa kuitazama taa ya tahadhari hajui.

Papua New Guinea walifanya kinyume. Katika hospitali 5 walileta mashine, vipimo vya kidoleni, mwongozo wa matumizi na mafunzo kwa pamoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008 katika jarida la The Lancet: vifo vya watoto waliolazwa kwa nimonia vilishuka kutoka asilimia 4.97 hadi 3.22. Zile hazikuwa hospitali za matajiri. Zina barabara mbovu na umeme wa mashaka kama zetu.

Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu upatikanaji wa oksijeni. Maazimio ni mazuri, ila hayatufikii yakiwa na ratiba ya zamu. Mashirika nayo huja na kuondoka. MONUSCO yenyewe, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilifunga ofisi zake Tanganyika mwaka 2022. Kinachobaki jimboni ni watu, na ujuzi walioachiwa.

Mwisho husikika: "Tulishafundishwa wakati wa korona." Waliofundishwa ni nani, na wako wapi leo? Wengine wamehamishwa vituo, wengine wako Lubumbashi, wengine wameacha kazi kwa mshahara usiofika. Semina ya siku mbili hotelini, kwa Kifaransa, na cheti chenye muhuri, haikumgusa mfagiaji anayesogeza mtungi wala mlinzi mwenye ufunguo wa stoo. Mafunzo ninayoyatetea ni madogo na ya mara kwa mara: nusu saa wakati wa kupokezana zamu, wodini penyewe, kwa Kiswahili, kila mmoja akiishika valvu kwa mkono wake na kupiga hesabu ya mtungi uliopo mbele yake. Yarudiwe kila mfanyakazi mpya anapoingia na kila mashine mpya inapofika.

Na lipo jambo ambalo Divisheni ya Afya ya jimbo inaweza kulidai bila kungoja bajeti ya mtu: hati ya kupokea mashine au mitungi isitiwe sahihi mpaka wafanyakazi wa zamu ya usiku, mfagiaji akiwemo, wawe wamewasha, wamezima na kubadilisha mtungi mbele ya aliyeleta.