Maji ya Ziwa Yakipanda, Deni Linakuwaje?

Mwezi Aprili 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hata yakakaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho wakazi wa mwambao hawakuwa wamekiona tangu mwaka 1964. Kuanzia Gatumba hadi Rumonge na Nyanza-Lac, maji yaliingia majumbani, magatini na mashambani. Serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa waliomba msaada wa kimataifa. Mahema, vyakula na dawa ni vitu vinavyoonekana, na kila mtu huelewa haja yake. Lakini liko jambo lisilobebwa na lori la misaada, nalo ni deni ambalo mwenye kupatwa na maafa alikuwa nalo kabla maji hayajafika mlangoni pake.

Jambo hili linawahusu sana wananchi wa sehemu kama Gatete, katika tarafa ya Rumonge. Hii ni nchi ya michikichi. Mkulima hukopa ili apalilie na kuvuna. Mwenye mtambo wa kukamua hukopa ili anunue ngazi. Mchuuzi hukopa ili asafirishe mawese kwenda Bujumbura, yapata kilomita sabini kaskazini. Ufukoni, mvuvi hukopa ili apate nyavu na injini. Watu hawa wote hutegemeana. Mvua zinazojaza ziwa ndizo zizibomoazo barabara, na barabara ikikatika mawese hukaa ghalani hata kwa yule ambaye nyumba yake haikuguswa na tone la maji. Tarehe ya kulipa, hata hivyo, haingojei barabara itengenezwe.

Je, sheria inasema nini? Nchini Burundi msingi wa sheria ya mikataba ni ile amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya Kongo na baadaye ikatumika Burundi pia. Kifungu chake cha 33 kinaweka kanuni kwamba mapatano yaliyofungwa kwa halali huwa ni sheria kwa wale walioyafunga. Sheria hiyo pia inatambua nguvu isiyozuilika: mtu aliyezuiliwa na tukio asiloweza kulitazamia wala kuliepuka hatozwi fidia kwa kushindwa kutimiza ahadi yake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Husema: "Gharika ni kazi ya Mungu, basi deni limekufa." Sivyo. Mtu aliyeahidi kumpa mwenzake mtumbwi fulani, nao ukavunjwa na mawimbi pasipo kosa lake, anaweza kusamehewa, maana mtumbwi ule haupo tena duniani. Lakini aliyeahidi kulipa fedha hakuahidi noti fulani. Ameahidi kiasi, na kiasi hakizami ziwani. Mtumbwi ulionunuliwa kwa mkopo waweza kupotea, na mkopo ukabaki vile vile. Nguvu isiyozuilika yaweza kumsaidia mdaiwa kuhusu faini ya kuchelewa. Haimfutii deni lenyewe. Kwa hiyo asiyeandikiwa unafuu katika mkataba wake anabaki kutegemea huruma ya mdai, na huruma haina kifungu.

Tunao mfano wa karibu. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara wengi walipoteza mali iliyonunuliwa kwa fedha za benki, na waliokuwa na bima walikuwa wachache. Suala la madeni yale lilibidi lijadiliwe moto ukiwa umekwisha kuteketeza kila kitu, wakati mdai ana hofu ya amana za wateja wake na mdaiwa hana hata meza ya kuanzia upya. Huo ni wakati mbaya kuliko wote wa kupatana. Aidha, bima iliyo ya kawaida katika mikopo midogo mara nyingi ni ile inayolipa mkopaji akifariki. Haimsaidii aliye hai ambaye bidhaa zake zimeungua au kulowa.

Nje ya Afrika, Bangladesh imetoa fundisho. Benki ya Grameen, iliyoanzishwa na Muhammad Yunus, ilipata sifa kwa kuwakopesha maskini katika vikundi vya watu watano, ambamo wenzi wa kikundi humhimiza anayelegea. Mwaka 1998 mafuriko yalifunika yapata theluthi mbili ya nchi hiyo. Ikadhihirika kwamba kikundi huweza kumbeba mmoja aliyeugua, lakini hakiwezi kubeba watu watano waliofurikiwa siku moja. Benki hiyo ikaubadili utaratibu wake, na kufikia mwaka 2002 mkopaji aliyekwama aliweza kupangiwa upya awamu za malipo bila kufukuzwa. Vikundi vya mwambao wa Tanganyika, ambavyo wanachama wake hukaa kilima kimoja na kuvua ufuko mmoja, vina udhaifu huo huo.

Basi mkataba wa mkopo katika tarafa za mwambao useme nini? Kwanza, ueleze maafa ni nini na nani atayathibitisha, kwa mfano hati ya tarafa itakayotolewa katika muda uliotajwa. Bila ushahidi huo, mdanganyifu atajificha nyuma ya mwenye shida ya kweli. Pili, utaje miezi ambayo malipo yatasimama, na useme wazi kama riba itaendelea kuhesabiwa au la, maana unafuu unaoacha riba ikipanda kimya kimya ni mtego. Tatu, upange hatua za kudai: barua, kisha mazungumzo mbele ya wazee wa kilima, kisha wadhamini, na mahakama mwishoni. Nne, vyombo vya kazi, yaani nyavu, injini na mtambo wa kukamua, visiwe vya kwanza kukamatwa. Anayemnyang'anya mvuvi nyavu zake amejinyang'anya mwenyewe njia ya kulipwa.

Kuhusu rehani, pana jambo la kuangaliwa. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani kuwa mali ya umma. Kiwanja kilichomo ukandani humo ni rehani dhaifu kwa pande zote mbili, na mdai anayekipokea asije akajifanya ameshangaa. Vilevile katika Rumonge, ambako watu wengi walikimbia mwaka 1972 na baadhi yao kurejea miaka mingi baadaye na kukuta mashamba yao mikononi mwa wengine, si kila shamba linaloshikwa na mkopaji lina haki isiyobishaniwa. Hati ihakikishwe kabla ya fedha kutolewa, si siku ya kunadi.

Wakopeshaji nao wana wajibu kwa daftari zao. Maji hayachagui, huingia ofisini kama yaingiavyo jikoni. Daftari zikiharibika, nani atajua aliyelipa na asiyelipa? Nakala ya hesabu ikae mahali pengine palipoinuka, na kila mkopaji apewe kitabu chake chenye sahihi ya kila malipo. Mkataba useme kwamba, hesabu za ofisi zikipotea, kitabu cha mkopaji kitapokelewa kuwa ushahidi. Tena maelezo ya masharti yatolewe kwa Kirundi au Kiswahili, kwani mikataba mingi huandikwa kwa Kifaransa, na kidole gumba kilichochovywa wino si dalili ya kuelewa.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya yatawadekeza wadaiwa. Hoja hiyo ina uzito, maana fedha za ushirika wa akiba na mikopo ni jasho la wanachama, na wajane na walimu walioweka akiba zao wanastahili kuzikuta. Ndiyo sababu ushirika unapaswa kutenga sehemu ya faida ya miaka mizuri iwe akiba ya miaka ya maji, na usikopeshe fedha zake zote katika ufuko mmoja na kazi moja. Lakini kumsukuma aliyefilisika hakurudishi amana ya mtu. Mdaiwa aliyekata tamaa huvuka ziwa usiku akaenda zake, na deni likavuka naye.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, na mgonjwa hana budi kupewa nafasi ya kuinywa. Ziwa hili lilipanda mwaka 1964, likapanda tena 2024, na hapana shaka litapanda siku nyingine. Wanaoketi leo mezani kufunga mkataba, mdai na mdaiwa, waandike sasa yale watakayohitaji siku hiyo, wakati miguu yao ingali mikavu.