Lami kuukuu ni mali ya umma, isitupwe ovyo

KILA barabara kuu inapokarabatiwa, mtambo mkubwa hupita ukikwangua tabaka la juu lililochakaa na kulimwaga kwenye malori. Muda si muda, malori mengine huwasili yakiwa yamebeba lami mpya na kokoto mpya.

Lami hiyo ya zamani mara nyingi huishia kufukia mashimo vichochoroni, au hurundikwa kando ya barabara hadi ikaota nyasi. Wengi huiona kuwa taka. Wanasahau kwamba mlipa ushuru aliinunua kwa fedha nyingi na kwamba thamani yake haijaisha.

Suala hili linafaa kuangaziwa kwa sababu fedha za barabara ni adimu. Mnamo Julai 2024, ushuru wa ukarabati wa barabara uliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2025, serikali iliamua kutumia Sh7 kati ya hizo kama dhamana ya kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakiidai.

Maana yake ni kwamba sehemu ya fedha ambazo mwendeshaji bodaboda na mkulima watatozwa katika miaka ijayo tayari imepangiwa kulipa madeni ya jana. Kwa hali hiyo, kila tani ya vifaa inayotupwa ni hasara mara mbili.

Isitoshe, Kenya haijasafisha mafuta ghafi tangu kiwanda cha Changamwe kiliposimamisha shughuli hiyo mwaka 2013. Lami, ambayo ni gundi nyeusi itokanayo na mafuta hayo, hulazimika kununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Tabaka la barabara huwa na takriban asilimia tano ya gundi hii kwa uzani. Sehemu iliyobaki ni kokoto na mchanga uliopasuliwa, ambao hutolewa kwenye matimbo yanayozidi kumeza milima yetu.

Swali ambalo mwananchi ana haki ya kuuliza ni hili: je, barabara iliyojengwa kwa vifaa vilivyotumika itadumu, au atauziwa mashimo mapya kwa jina la kuhifadhi mazingira?

Jibu linaanzia kwenye tabia ya lami yenyewe. Lami huzeeka. Jua na hewa huikausha, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo inavyozidi kukakamaa. Utafiti wa wataalamu wa Uingereza na Kenya kuhusu barabara za humu nchini, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha kwamba nyufa nyingi zilianzia juu na kushuka chini, kwa kuwa milimita chache za juu zilikuwa zimekuwa ngumu mno.

Ugumu huo una faida na madhara. Faida yake ni kwamba mchanganyiko wenye lami kuukuu hustahimili vyema uzito wa malori kunapokuwa na joto. Haubonyei kwa urahisi na kuacha mifereji ya magurudumu, tatizo linaloonekana hasa kwenye miinuko ambako trela hupanda polepole.

Madhara yake ni sawa na ya chapati iliyolala. Ile iliyotoka jikoni hukunjika bila kuvunjika, bali ya jana hupasuka. Barabara nayo hukunjika kidogo kila gurudumu linapopita, na ikiwa lami imekauka kupita kiasi, nyufa hujitokeza mapema. Mvua ikishaingia kwenye nyufa hizo, mashimo hayako mbali.

Wahandisi wana tiba ya kasoro hii. Lami kuukuu huchanganywa na mpya iliyo laini zaidi, au hutiwa mafuta maalumu ya kuilainisha, na kiasi chake hudhibitiwa. Nchini Marekani, ambako mtindo huu ulishika kasi baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, vifaa vya zamani huchukua wastani wa takriban moja kwa tano ya mchanganyiko. Japan imethubutu zaidi, kwani mchanganyiko wake uliotengenezwa upya huwa na takriban nusu ya vifaa vilivyokwanguliwa.

Afrika pia ina somo lake. Afrika Kusini imekuwa na mwongozo wa kitaifa tangu 2002 kuhusu kusaga barabara kuukuu papo hapo na kuitumia kama tabaka la msingi. Lami yenye moto mkali hunyunyiziwa maji kidogo, ikafura na kuwa povu, kisha povu hilo huchanganywa na kokoto baridi zilizosagwa. Lami inayohitajika ni kidogo, aghalabu asilimia mbili hadi tatu, pamoja na saruji isiyozidi asilimia moja.

Njia hii haihitaji kupasha kokoto moto wala kusafirisha shehena kutoka mbali. Juu ya tabaka hilo ndipo huwekwa lami mpya ambayo magari hukanyaga.

Hata hivyo, mafanikio ya wenzetu yasitufanye tudhani kwamba vifaa kuukuu ni dawa ya kila barabara. Udhaifu wake mkubwa ni kutofanana. Barabara iliyozibwa viraka mara kumi na wanakandarasi tofauti huwa na lami na kokoto za kila aina. Ukichukua shehena moja na kuiona nzuri, huwezi kuapa kwamba ya pili ni kama hiyo.

Ndiyo maana ni sharti vifaa hivyo vichunguzwe kabla ya kazi kuanza, vipasuliwe, vichujwe kwa ukubwa na kuhifadhiwa pasipo kunyeshewa. Vipande vya mchanganyiko hupimwa nguvu vikiwa vikavu, kisha huloweshwa na kupimwa tena. Vikipoteza nguvu nyingi majini, havifai. Katika nchi ambayo mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalisomba barabara na madaraja, kipimo hiki si cha kupuuzwa.

Kuna jambo jingine ambalo halitatibiwa na kifaa chochote, kiwe kipya au kikuukuu, nalo ni uzani wa malori. Wahandisi hukadiria kwamba uharibifu huongezeka kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikizidisha uzito kwa asilimia 20, madhara huongezeka zaidi ya maradufu. Ikibeba mara mbili, madhara hufika takriban mara 16. Ulegevu kwenye mizani utaua barabara yoyote ile.

Kuna hatari pia ya tamaa. Mwanakandarasi asiye mwaminifu anaweza kuchanganya lami kuukuu kisirisiri huku akilipwa bei ya lami mpya. Barabara ikiharibika mapema, lawama itaelekezwa kwa teknolojia badala ya udanganyifu.

Kwa hivyo, mamlaka za barabara zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007 zinafaa kuhakikisha kwamba kila zabuni ya ukarabati inaeleza waziwazi lami iliyokwanguliwa ni mali ya nani, itapelekwa wapi na ni kiasi gani kitarudishwa barabarani. Bei nayo ilingane na vifaa vilivyotumika.

Kazi ianzie kwenye matabaka ya chini na barabara zisizo na malori mengi. Vipande hivyo vifuatiliwe kwa miaka kadhaa, na matokeo yachapishwe ili wananchi wayaone. Maabara za serikali nazo zipewe wataalamu na mitambo ya kutosha, maadamu bila vipimo hakuna atakayejua kama tumeokoa fedha au tumejidanganya.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu umelala kando ya barabara, umeloa mvua. Tuukunjue, tuukague na kuushona palipotoboka, kabla ya kukopa fedha za kununua mwingine.