Smith: jina lililotoka kwenye fuawe

JICHO LA SALMA
Na Salma Mbwana

Mtu akikuambia anaitwa Smith, amekutajia kazi ya mababu: uhunzi. Ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uingereza, na halikutoka ikulu. Lilitoka kwenye fuawe na mvukuto.

Vijiji vya Uingereza ya kale vilijaa akina John. Makarani wa kodi ya kichwa walipopita miaka ya 1377, 1379 na 1381, jina moja halikutosha kuwatenganisha walipaji. Aliyefua chuma akaandikwa Smith, mwoka mikate Baker, msaga nafaka Miller. Mhunzi hakukosekana: jembe, bawaba na kiatu cha farasi vyote vilipita mikononi mwake. Baadaye mwana akalirithi jina hata asipoirithi nyundo. Na si Waingereza peke yao. Mjerumani ana Schmidt, Mhangaria ana Kovács, na Haddad, tunayoifahamu sana hapa pwani, ni mhunzi kwa Kiarabu.

Adam Smith, Mskochi, alipochapisha kitabu chake maarufu cha uchumi mwaka 1776, alianza na karakana ya pini: watu 10 waliogawana kazi walitoa pini 48,000 kwa siku. Hata msomi huyo alianzia kwa mafundi wa karakana.

Lakini akina Smith wengine wawili ndio wanaonifikirisha zaidi. Novemba 11, 1965, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alitangaza uhuru wa nchi hiyo ili Wazungu wachache waendelee kuwatawala Waafrika walio wengi. Miaka 3 baadaye, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mwanariadha mweusi wa Marekani Tommie Smith, mzaliwa wa Texas kutoka familia ya wakulima maskini, alishinda mita 200 kwa sekunde 19.83, kisha akainua jukwaani ngumi yenye glavu nyeusi kudai haki za watu weusi. Weusi wengi wa Marekani walipata majina ya Kiingereza kupitia utumwa. Jina hilo ambalo huenda wazee wake hawakulichagua, Tommie alilipa heshima.

Chuma ni kile kile. Mhunzi akitaka hufua jembe, akitaka hufua pingu. Mwanao akikuuliza maana ya jina la ukoo wenu, mweleze kwa fahari kazi ya babu yake, hata kama alichunga mbuzi. Kisha mwambie kwamba sasa nyundo iko mkononi mwake.