Hina Nyeusi Si Hina

Zikikaribia Idi mbili, na katika miezi ya harusi kuanzia Mfunguo Mosi, biashara ya hina hupamba moto katika miji yetu ya mwambao, tangu Vanga hadi Lamu. Hapo zamani hii ilikuwa shughuli ya nyumbani. Majani ya mhina yakichumwa uani, yakaanikwa kivulini, yakatwangwa na kuchekechwa, kisha unga ukakandwa kwa maji vuguvugu na ndimu, ukalazwa usiku kucha. Siku hizi pakiti yenye picha ya bibi mwenye nywele nyeusi tititi huahidi kumaliza kazi hiyo yote kwa nusu saa. Pakiti hiyo imeandikwa "hina nyeusi", na hapo ndipo penye jambo.

Mhina haujui weusi. Rangi iliyomo ndani ya majani yake huitwa losoni, nayo hushikamana na keratini, yaani kile kitu kinachofanya nywele, kucha na ngozi ya juu. Kwanza hutoka rangi ya chungwa, kisha kwa siku moja au mbili ikakolea na kuwa kahawia nyekundu. Juu ya nywele nyeusi huoni kitu ila mng'ao wa wekundu mtu asimamapo juani. Juu ya mvi ndipo inapojitangaza. Zile ndevu nyekundu za wazee wetu msikitini ni hina tupu, haikuchanganywa na kitu.

Basi weusi watoka wapi? Njia ya kwanza ni mmea pia, nao ni mnili. Unga wa majani yake hukorogwa kwa maji na kupakwa upesi, maana haulazwi kama hina. Hina ikitangulia na nili ikafuata, mvi hugeuka kahawia iliyokoza au nyeusi. Ni kazi ya nusu siku, na kitambaa kichwani, na subira. Njia ya pili ni dawa ya kiwandani iitwayo parafenilinidiamini, au kwa ufupi PPD. Hii ndiyo iliyomo aghalabu katika piko, ile rangi nyeusi ambayo mabinti huchorwa mikononi na miguuni, ingawa asili yake ni rangi ya nywele.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya PPD yaruhusiwa katika rangi ya nywele, lakini isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuipaka ngozini hairuhusiwi kabisa. Sababu ni kwamba mwili wa mtu huweza kuikataa. Siku mbili tatu baada ya kupakwa, mahali pale huwasha, hutoka malengelenge, na mara nyingine hubaki alama iliyofuata maua yale yale aliyochorwa. Ubaya zaidi ni kuwa mwili ukishaikataa mara moja hausahau. Msichana aliyewashwa na piko siku ya Idi akapona, huenda akaja kutia mvi zake rangi ya dukani miaka thelathini baadaye, akaamka uso umevimba na macho hayafunguki, asijue kwamba ugonjwa ule aliupata mkononi tangu utotoni.

Tumezoea kulijadili suala la kutia nywele weusi kwa upande wa sheria ya dini. Ni haki yake. Hadithi ya Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar, yajulikana: siku ya ufunguzi wa Makka, mwaka 8 wa Hijra, aliletwa na mvi nyeupe pe, na Mtume (S.A.W.) akaamuru zibadilishwe rangi lakini uepukwe weusi. Imamu Nawawi wa madhehebu yetu ya Shafi alishika kuwa ni haramu. Wako wanazuoni waliosema ni karaha tu. Hina na katam, ule mmea wa Yemen, zilisifiwa. Lakini nastaajabu kwamba tunabishana juu ya rangi mpaka koo zikakauka, na hakuna anayegeuza pakiti kusoma kilichomo. Mtu aliyekusudia kufuata sunna kwa hina akapaka PPD, amekosa hiyo sunna na ameidhuru ngozi.

Wala isidhaniwe kuwa kila cha mmea ni salama. Mtoto mchanga asipakwe hata hina safi, kwani wapo wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, urithi unaopatikana sana katika nchi za malaria kama pwani yetu, na hina yaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao. Desturi ya kumpaka kichanga kabla ya arubaini yafaa iachwe.

Siwalaumu kina mama watiao hina. Bi harusi ndiye atakaye weusi, tena upesi, na mikono yao wenyewe ndiyo inayoshinda katika piko, mara nyingi bila glavu. Wa kuulizwa ni yule anayeuza PPD kwa jina la hina.

Unga wa hina ya kweli ni wa kijani, hunuka kama nyasi kavu, na hautoi weusi hata ukilazwa juma zima. Na anayeamua kutumia rangi ya dukani, apake kidogo nyuma ya sikio, angoje saa 48, ndipo atie kichwani. Lakini aliyewahi kuwashwa na piko asijaribu hata hapo sikioni.