Mlima Hautoi Mshindi: Maoni Kuhusu Ubashiri wa Mbio za Baiskeli

Makala haya yamezaliwa na kosa langu mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 6 Julai 2024, mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza, ambaye huniita Mwalimu kwa sababu mimi huwasaidia yeye na wenzake katika mijadala ya fasihi, aliniuliza swali lililoonekana jepesi: je, mkondo wa siku hiyo wa mbio za baiskeli za Tour de France ungetwaliwa na nani? Nilimjibu bila kusita kwamba ungetwaliwa na wachomokaji, kwa kuwa njia ilikuwa ya vilima. Jioni ilipofika nilibaini mambo mawili. La kwanza ni kwamba nilikosea. La pili, nalo ndilo lililoniuma, ni kwamba kijana yule alikuwa ameziweka pesa zake za chakula cha juma zima katika kamari kwa kuliamini neno langu.

"Lakini Mwalimu, ulisema kwa uhakika," akaniambia. Juma hilo tulikula sahani moja.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane kuhusu istilahi. Kundi kuu ni umati wa waendeshaji baiskeli wanaosafiri pamoja. Wenye kasi ni wale ambao silaha yao ni mfyatuko wa mita mia mbili au tatu za mwisho. Wachomokaji ni wale wanaojitenga na kundi kuu mapema kwa matumaini ya kufika peke yao. Katika njia tambarare, aghalabu kundi kuu huwanasa wachomokaji na wenye kasi wakamalizana wenyewe. Katika milima mirefu, wenye kasi huachwa nyuma na hakuna anayewataja tena. Utata umo katikati, katika mikondo ya vilima, ambapo kila upande una sababu ya kutumaini.

Ikumbukwe kwamba adui mkuu wa mwendesha baiskeli ni upepo anaoukata. Anayejikinga nyuma ya wenzake huweza kuokoa theluthi moja ya nguvu zake, au hata zaidi. Kwa hivyo, katika barabara tambarare, mchomokaji mmoja hulipa gharama ambayo watu mia moja nyuma yake wanagawana. Kwenye mwinuko, kasi hupungua, na kinga hiyo hupungua nayo. Hapo ndipo mchomokaji hupata nafuu. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo iliyonipotosha. Niliichukua kana kwamba ndiyo hoja yote.

Tuanze na Jumamosi iliyotangulia, tarehe 29 Juni 2024, mashindano yalipofunguliwa nchini Italia kwa mkondo wa kilomita 206 kutoka Florence hadi Rimini. Vilima vilifuatana na jua lilikuwa kali. Mark Cavendish, mmoja wa wenye kasi mashuhuri kabisa katika historia ya mchezo huu, aliachwa mapema. Mfaransa Romain Bardet alichomoka katika kundi kuu akamfikia mwenzake wa timu, Frank van den Broek, aliyekuwa mbele tangu awali. Baada ya kilima cha mwisho zilisalia zaidi ya kilomita 20 za kuteremka na tambarare, eneo ambalo kwa kawaida humwangamiza mchomokaji. Hata hivyo, wawili hao walifika wakiwa na sekunde 5 tu mkononi. Waliokuwa nyuma walikimbiza, ila vilima vilikuwa vimekwisha kuwapunguza, na wasaidizi waliosalia hawakutosha kuziba pengo.

Juma moja baadaye ndipo nilipoulizwa swali langu. Mkondo ulikuwa wa kilomita 183 hivi, kutoka Semur-en-Auxois hadi Colombey-les-Deux-Églises, kijiji alikozikwa Charles de Gaulle. Vilima vilikuwepo, na hata mita za mwisho zilikuwa za kupanda. Mimi niliuona mchoro wa njia, nikaikumbuka Rimini, nikatoa hukumu. Kumbe vilima vyenyewe vilikuwa vifupi, na vingi vilikuwa mapema. Mnorwe Jonas Abrahamsen alitumia sehemu kubwa ya siku akiwa peke yake mbele, na kundi kuu likamwacha ajichoshe, kisha likamnasa kabla ya mwisho. Mshindi akawa Biniam Girmay wa Eritrea, mbele ya Jasper Philipsen na Arnaud De Lie. Wote watatu ni wenye kasi.

Je, nilipuuza nini? Nilipuuza watu. Timu za wenye kasi wanaomudu kilima zilikuwa na kila sababu ya kukimbiza siku ile, kwani mwisho wa kupanda kidogo uliwafaa watu wao. Isitoshe, kesho yake, Jumapili, ulikuwa ukisubiriwa mkondo wa Troyes wenye vipande 14 vya barabara za changarawe, na kwa maoni yangu wengi walikuwa wakijiwekea nguvu. Naam, Jumapili hiyo mchomokaji Anthony Turgis ndiye aliyeshinda. Mtu aliyetazama siku moja tu hangeliona hilo.

Maoni yangu, basi, ni haya: anayetaka kubashiri mkondo wa vilima asiulize kwanza kilima kina urefu gani. Aulize ni nani atakayekubali kulipa gharama ya kumkimbiza aliyetoroka. Mengine yote yanafuata hapo. Kilima cha mwisho kiko umbali gani na utepe? Ni timu ngapi zenye mtu wa kasi atakayevuka kilima hicho? Je, timu hizo zina wasaidizi wa kutosha, au kila moja inangoja nyingine ifanye kazi? Waliotoroka ni wangapi, na wana faida gani ya kushirikiana? Kesho kuna nini? Timu ikitegemea jasho la timu nyingine, yatakayoipata ni yale ya mtegemea cha nduguye.

Ushahidi wa karibu nasi zaidi tuliupata Kigali mnamo Septemba 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Hayo yalikuwa mbio za siku moja, na vilima vyake vilikuwa vingi mno kiasi kwamba mjadala wa wenye kasi haukuwepo. Tadej Pogačar alishinda kwa upande wa wanaume, na waliomaliza walikuwa 30 pekee. Lakini tuyatazame mashindano ya wanawake. Waliopewa nafasi kubwa walichungana, kila mmoja akihofia kumbeba mwenzake, na Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimtaja, akaondoka na ubingwa. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Vilima vilikuwa vile vile kwa wote. Nia ndiyo iliyotofautiana.

Huenda msomaji akapinga kwamba ubashiri wote ni kazi bure, kwa maana pancha moja au utelezi wa kona huweza kuvuruga hesabu nzima. Pingamizi hili lina uzito. Girmay mwenyewe, baada ya kumshinda Mathieu van der Poel katika mkondo wa vilima wa Jesi, kwenye Giro d'Italia ya mwaka 2022, alipigwa jichoni na kizibo cha chupa akiwa jukwaani akisherehekea, na hakuweza kuendelea na mashindano. Hakuna mbashiri ambaye angeliona hilo. Hata hivyo, bahati haifuti hoja. Inatukataza tu kujivuna. Mbashiri mwaminifu husema, "Wenye kasi wana nafasi saba kati ya kumi," kisha akaeleza sababu zake. Hasemi, "Leo ni fulani," akanyamaza.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Hatukubali mwanafunzi ahukumu riwaya kwa kutazama mandhari yake peke yake bila kuuliza wahusika wanataka nini na wanaogopa nini. Mchoro wa vilima ni mandhari. Waendeshaji ndio wahusika. Mimi niliyasahau mafunzo yangu siku niliyoyahitaji, na aliyelipa ni mtu mwingine.

Kijana yule bado huniuliza. Siku hizi humjibu kwa maswali yale niliyoyaorodhesha hapo juu, tukayatafutia majibu pamoja, na mwishowe humwambia kiasi cha shaka nilicho nacho. Nimemwomba pia, kama kaka, pesa za chakula azile. Mara nyingine hutabiri vyema kuniliko. Mara nyingine sote wawili hukosea, tukacheka, tukaenda kula, kila mmoja na sahani yake.